Waya, mchikichi, reli au bandari: mfano upi utumie kufundisha seli ya neva?

Kila mwaka kidato cha tatu wakifika kwenye mada ya uratibu, simu yangu huanza kuita. Wazazi wa Mwanga na Ujiji wanatafuta tuisheni, na walimu wenzangu wanaoanza kazi wanauliza lile lile: hii seli ya neva nimwelezeje mtoto aelewe? Kitabu kina mchoro. Mchoro una mishale mingi na majina ambayo hayajawahi kusikika mnadani Kibirizi: dendraiti, akzoni, mayelini, sinapsi. Mtoto anakariri, anachora, anapata alama zake. Wiki mbili baadaye mwulize ujumbe unapitaje humo ndani, atakutazama kama umemwuliza nauli ya kwenda mwezini.

Ndiyo maana tunatumia mifano. Mimi nimejaribu mitano, yote ya vitu vilivyopo hapa Kigoma, hakuna unaohitaji kumwomba mkuu wa shule hela. Naiweka hapa ubavu kwa ubavu, ila kipimo changu si kile nilichoanza nacho. Zamani nilikuwa naangalia mfano unafanana na seli kwa kiasi gani. Siku hizi naangalia unavunjikia wapi, kwa sababu wote huvunjika. Ukivunjikia pembeni, si neno. Ukivunjikia katikati ya jambo lenyewe, mtoto atatembea na kosa hilo mpaka chuo.

Tunachotaka kieleweke ni hiki. Nyuroni, yaani seli ya neva, ina kiwiliwili, ambamo mna kiini. Ina dendraiti, matawi mafupi yanayopokea. Ina akzoni moja, mkia mrefu unaopitisha, na mwishoni mwa akzoni kuna ncha zinazokabidhi ujumbe kwa seli nyingine, kwa msuli au kwa tezi. Kupokea, kujumlisha, kupitisha, kukabidhi. Ubongo wa binadamu una nyuroni takriban bilioni 86, na karibu zote zinafanya kazi hizo nne. Mfano mmoja ukikupa mbili kati ya hizo, shukuru.

Waya wa umeme

Huu ndio unaotumika kila mahali, na ndio niliofundishwa. Mwalimu wangu, shule siitaji, alishika kipande cha waya wa shaba, akakwangua plastiki kwa wembe, akasema: shaba ni akzoni, plastiki ni mayelini, yaani ganda linaloizunguka akzoni, umeme ni ujumbe. Dakika tano, kamaliza. Nilielewa vizuri mno. Miaka mitatu baadaye nikaandika kwenye mtihani, kwa kujiamini kabisa, kwamba elektroni hukimbia kutoka kidoleni mpaka kwenye ubongo. Nilipewa sifuri, na ilikuwa sifuri ya haki.

Waya unavunjikia katikati kabisa. Kwanza kasi: umeme kwenye waya husafiri kwa mwendo unaoikaribia kasi ya mwanga, ilhali ujumbe wa neva ulio mwepesi kuliko yote mwilini unafika kama mita 120 kwa sekunde, na ule mzito unatambaa mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na kapu kichwani. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alipima neva ya chura akapata takriban mita 30 kwa sekunde, na hilo lilikuwa jambo zito, maana mwalimu wake mwenyewe, Johannes Müller, aliamini kasi hiyo haitapimika kamwe. Angekuwa anapima waya, Müller angekuwa na haki.

Pili, kwenye akzoni hakuna kitu kinachokimbia kutoka mwanzo hadi mwisho. Kinachotembea ni ayoni, chembe zenye chaji, za sodiamu na potasiamu, na hazitembei kwa urefu. Zinaingia na kutoka ubavuni, kupitia utando wa seli, hapa, kisha hapo mbele, kisha mbele zaidi. Mtoto mwenye waya kichwani hawezi kuliona hilo hata umchoree mara kumi. Tatu, umeme kwenye waya mrefu hufifia njiani, lakini ujumbe wa neva hufika kidoleni ukiwa na nguvu ile ile uliyoanza nayo uti wa mgongo.

Mtoto wa darasa la tano akikuuliza neva ni nini, mwambie ni kama waya, aende akacheze. Kuanzia kidato cha tatu, mwachie fundi umeme.

Mchikichi

Kwa umbo sijaona kinachoushinda. Mtoto wa Kigoma anaujua mchikichi kabla hajajua kusoma. Mawese yapo kwenye kila chungu. Msimamishe chini ya mti, mwambie atazame juu. Makuti yale yaliyotawanyika kila upande ni dendraiti. Kilele makuti yanapochomozea ni kiwiliwili. Shina refu lisilo na tawi ni akzoni. Mizizi inayochanua chini ni ncha za akzoni. Rudi darasani, mwambie achore mti huo ukiwa umelala ubavu, aweke majina. Nimeona watoto wanaochukia kuchora wakimaliza kazi hiyo kabla ya kengele.

Unavunjikia sehemu tatu. Ya kwanza niliambiwa na mwanafunzi: "Ticha, mizizi si inanyonya maji kupeleka juu? Mbona huku ujumbe unashuka?" Kweli kabisa. Mti unapandisha, nyuroni inashusha. Nikamwambia achore mshale mwekundu kutoka kwenye makuti kwenda chini, aandike pembeni "si maji". Kosa hili ni la pembeni, linarekebishika kwa kalamu.

Ya pili, mchikichi ni nyuroni ya mwendo tu, ile inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye msuli. Nyuroni ya hisia haikai hivyo. Kiwiliwili chake hakipo kileleni, kimening'inia pembeni mwa njia kwa kikonyo kifupi, na ujumbe unapita moja kwa moja kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye uti wa mgongo. Kwa huyo natumia mwembe, na Ujiji miembe haijawahi kuadimika: tawi refu lililolala, na dodo moja limening'inia ubavuni. Dodo ndilo kiwiliwili. Nyuroni ya kati, inayowaunganisha hao wawili, nyingi ni fupi zenye matawi ya vurugu. Kichaka chochote kinatosha.

Ya tatu ni vipimo, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo watoto wanapofungua midomo. Mchikichi unadanganya sana kuhusu urefu. Chukua nyuroni ya mwendo inayotoka mgongoni kwenda kwenye mguu. Kiwiliwili kina upana wa kama milimita 0.05, akzoni ina urefu wa kama mita 1. Sasa kikuze kiwiliwili kiwe mpira wa miguu, ule wa sentimita 22. Kwa kipimo hicho hicho akzoni itakuwa na unene wa muhogo mwembamba, sentimita 4 na kitu, na urefu wa kilomita 4.4. Weka mpira mlangoni mwa stesheni ya Kigoma, uanze kuuvuta huo muhogo: unapanda nao, unapita Mwanga, na bado unaelekea nao Ujiji. Yote hiyo seli moja. Seli moja, kiini kimoja, kinalisha mkia wa urefu huo.

Kipimo cha mpira kishikilie. Nitakihitaji tena.

Kubanana mikono

Huu hauna gharama hata ya chaki. Wanafunzi wanasimama mstari, wanashikana mikono, wanafumba macho. Wa kwanza anambana wa pili, wa pili anambana wa tatu, hadi mwisho, na mtu ana saa. Darasa langu la watu 24 lilitumia sekunde 6 mara ya kwanza. Gawanya: robo sekunde kwa kila mtu.

Unachangamsha, lakini chunga. Watoto hudhani kila mtu pale ni nyuroni moja, kumbe ndani ya kila mtu ujumbe umepanda kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ubongo, ukaamuliwa, ukashuka kwenye mkono wa pili, kupitia nyuroni chungu nzima. Ndiyo maana ni polepole. Mimi nautumia kufungua kipindi tu, na namalizia kwa rula: mmoja anaachia rula ya sentimita 30, mwenzake anaidaka. Akiidakia kwenye sentimita 20, ametumia sekunde 0.2. Hiyo namba wanaikumbuka kwa sababu ni ya vidole vyao wenyewe.

Reli

Huu nilikuwa nauharibu mwenyewe kwa muda mrefu, mpaka nilipopata mtu wa kunirekebisha.

Nilikuwa nasema hivi: akzoni ni Reli ya Kati, ile iliyofika hapa mwaka 1914. Mayelini imeizungushia akzoni vipande vipande, na kati ya kipande na kipande kuna uwazi mdogo unaoitwa kifundo cha Ranvier, kwa jina la Mfaransa Louis-Antoine Ranvier aliyevieleza karne ya 19. Vifundo ni stesheni. Ujumbe ni treni ya haraka inayoruka vituo vidogo. Naona nimepiga bao.

Siku hiyo kipindi tulikuwa tunakifanyia kibarazani kwa mwanafunzi mmoja, Gungu. Babu yake, mstaafu wa reli, amekaa pembeni na redio yake. Akazima redio.

"Mwalimu, samahani nikuingilie. Treni gani hiyo inayofika Kigoma na nguvu ile ile iliyotoka nayo Dar?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Kinachoruka stesheni hadi stesheni si treni. Ni laini klia. Stesheni masta wa Kaliua anampigia wa mbele yake kuomba njia. Wa mbele akishapokea, naye ananyanyua simu yake anampigia wa mbele zaidi. Sauti ya Urambo haifiki Uvinza. Kila mmoja anapiga yake."

Mzee hakuwahi kusoma baiolojia, lakini alikuwa ameeleza nusu ya sura nzima. Ujumbe wa neva hausafirishwi. Unazaliwa upya kwenye kila kifundo. Akzoni iliyotulia ina chaji hasi ndani kuliko nje, kama milivolti 70 hasi. Mtikisiko wa chaji kutoka kifundo cha jirani ukiifikisha kwenye milivolti 55 hasi hivi, milango ya sodiamu inafunguka kwa pamoja, sodiamu inamiminika ndani, chaji inageuka kuwa chanya, halafu potasiamu inatoka na hali inarudi ilivyokuwa. Yote hayo kwenye milisekunde moja au mbili. Mtikisiko ule unafika kifundo kinachofuata, nacho kinanyanyua simu yake. Ndiyo maana haufifii. Kwenye akzoni ya mita 1 vifundo vinakaribia elfu moja, kila kimoja na stesheni masta wake.

Mfano huu una utajiri wa ajabu. Stesheni masta hapigi nusu simu: anapiga au hapigi. Ujumbe wa neva nao hauna mdogo na mkubwa. Maumivu makali hayapigi simu kwa sauti zaidi, yanapiga mara nyingi zaidi kwa sekunde. Akishapiga, lazima kwanza aweke mkono wa simu chini kabla hajapiga tena, na kwa muda huo hawezi kujibu aliye nyuma yake. Kwa hiyo ujumbe unasonga mbele tu. Wanataka kula pia, hawa mabwana. Kuna pampu kwenye utando inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, mchana na usiku, ili chaji ikae sawa. Ndiyo sababu moja ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako, unakula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili.

Mjukuu akauliza: "Babu, na stesheni masta wa Nguruka akilala?"

"Basi ujumbe umefia hapo, mjukuu wangu."

Nikadaka hapo hapo. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno ndiyo hiyo: dawa inaziba milango ya sodiamu, jino bado linapiga kelele, lakini simu haipokelewi. Na ukoma? Vijidudu vyake vinapenda kukaa kwenye seli za Schwann, zile zinazotengeneza mayelini ya neva za mikononi na miguuni. Laini inaharibika, mtu anashika sufuria la moto asijue.

Na pori kati ya stesheni na stesheni? Hilo ndilo mayelini, na kazi yake ni kuzuia mtikisiko usivuje njiani, ufike mbele haraka. Kwa kipimo chetu cha mpira, chukua ule muhogo wa kilomita 4.4, uuvishe mikono ya shati yenye urefu wa mita 4 na nusu hivi, na kati ya mkono na mkono uache wazi upana wa punje ya mtama. Ndani ya kipande hicho kimoja, mtikisiko unapita kweli kama kwenye waya. Milimita 1 ya mwili. Hapo tu ndipo waya una haki yake.

Akzoni isiyo na mayelini haina pori, ina stesheni zilizobanana mlango kwa mlango, kila mtu anapiga simu. Inachelewa. Ukitaka kuonja tofauti, jikwae kidole cha mguu kwenye jiwe barabarani. Kwanza unasikia mchomo mkali, papo hapo. Huo umekuja na nyuzi zenye mayelini. Unasimama. Unasema "mama weee". Halafu, baada ya kama sekunde moja, linafika lile wimbi zito la maumivu ya kuvuta. Hilo limekuja na nyuzi zisizovaa kitu. Ngisi hana mayelini, na kwake suluhisho lilikuwa kunenepesha akzoni hadi karibu milimita 1, inaonekana kwa macho. Unene huo ndio uliowawezesha Alan Hodgkin na Andrew Huxley kuchomeka waya mwembamba ndani yake na kueleza, mwaka 1952, mambo yote haya ya sodiamu na potasiamu. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Na treni? Nilimwuliza Mzee: kama ujumbe ni laini klia, treni ni nini basi? Akaniambia hilo ni la kwangu, yeye hakusomea. Jibu lipo, nalo ndilo lililonifanya niuweke mfano huu juu ya yote. Ndani ya akzoni kuna reli kweli: nyuzi ndogo ndefu, na juu yake protini zenye kama miguu zinaburuta vifurushi vya mzigo kutoka kwenye kiwiliwili kwenda kwenye ncha, na nyingine zinaburuta kurudi. Mwendo wa zile za haraka unafika milimita 400 kwa siku. Akzoni ya mita 1, siku mbili na nusu. Aliyewahi kupanda treni ya Dar hadi Kigoma anajua hesabu hiyo mwilini. Simu inafika kufumba na kufumbua, treni inafika ikifika. Njia moja, mambo mawili.

Treni ya kurudi ndiyo inayopandwa na kichaa cha mbwa. Kirusi kinaingia kwenye ncha za neva penye jeraha, kinadandia mzigo unaorudi, kinaelekea kwenye ubongo. Mtu aking'atwa kisigino ana safari ndefu zaidi kuliko aliyeng'atwa shavu, na ndiyo maana nesi anauliza umeng'atwa wapi. Muda huo ndio wa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kukimbilia chanjo kabla treni haijafika. Sijawahi kumwona mwanafunzi akisinzia sehemu hii.

Reli inavunjikia hapa: stesheni masta wa kweli wanapokezana kwa zamu, mmoja anamaliza ndipo mwingine anaanza. Kwenye akzoni vifundo vingi vinakuwa katikati ya kupiga simu kwa wakati mmoja. Sijui mtihani wa sekondari utakaomwadhibu mtoto kwa hilo.

Bandari

Reli haiingii ziwani. Hilo peke yake linatosha kuanzia kipindi. Mzigo wa kwenda Bujumbura au Kalemie unafika Kigoma kwa behewa, unashushwa, unapakiwa melini, unavuka, unapokelewa gatini. Treni haikuvuka, mzigo umevuka. Hiyo ni sinapsi.

Watu waligombana juu ya jambo hili kwa miaka. Camillo Golgi, Mwitalia aliyegundua mwaka 1873 namna ya kuzitia seli za neva rangi nyeusi kwa madini ya fedha, aliamini reli inaendelea, kwamba neva zote ni wavu mmoja ulioungana. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania, alitumia rangi hiyo hiyo ya Golgi akasema hapana, kila seli inaishia pake. Mwaka 1906 walipewa Nobel moja wagawane, na Golgi akaitumia hotuba yake ya tuzo kuipinga hoja ya mwenzake. Cajal ndiye aliyekuwa na haki. Kisha mwaka 1921 Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, akasisimua neva ya mmoja hadi ukapunguza mapigo, akachukua maji yaliyouzunguka akayapeleka kwa wa pili. Nao ukapunguza mapigo. Hapakuwa na neva kati yao, palikuwa na maji tu. Mzigo huo ulikuja kujulikana kuwa asetilikolini.

Ujumbe ukifika ncha ya akzoni, kalisiamu inaingia, vifuko vinapasukia kwenye ukingo na kumwaga kemikali. Kemikali inavuka, inanasa kwenye vipokezi vya seli ya pili kama meli inayojua gati lake. Inachelewesha kidogo, kama nusu milisekunde. Na haiendi pande zote: ghala liko upande huu, gati liko upande ule.

Mzigo usipoondolewa gatini, meli inayofuata haina pa kutia nanga. Kwa asetilikolini kuna kimeng'enya kinachoivunja mara moja. Baadhi ya viuatilifu vya shambani vinakizuia kimeng'enya hicho, na aliyepuliza dawa bila kujikinga anaanza kutokwa mate, mboni zinasinyaa, misuli inacheza yenyewe. Gati limejaa. Wenzetu wa Tabora wanaovuna tumbaku wanajua jambo la jirani: majani yakiwa na umande, nikotini inapenya ngozini, mtu anashikwa na kichefuchefu na kizunguzungu. Nikotini ni meli ngeni inayotia nanga kwenye gati la asetilikolini.

Bandari pia ndiyo pekee kati ya mifano yangu inayoeleza kujumlisha. Nyuroni moja inaweza kupokea maelfu ya meli, nyingine zikisema "piga simu", nyingine zikisema "tulia". Meli moja haitoshi kuifikisha seli kwenye ile milivolti 55 hasi. Zikija nyingi kutoka bandari tofauti kwa pamoja, hapo kidole kimoja hakivunji chawa. Zikija kutoka bandari moja, mfululizo, haba na haba hujaza kibaba. Wanafunzi nawaambia waandike methali hizo mbili pembeni mwa daftari, na kwenye mtihani wazigeuze kuwa lugha ya kitabu.

Inavunjikia kwenye ukubwa, na inavunjika vibaya. Ziwa Tanganyika lina upana wa makumi ya kilomita, mtoto anabaki akidhani kati ya nyuroni kuna bahari. Rudi kwenye mpira wetu. Upana wa mwanya wa sinapsi ni nanomita 20 hadi 40. Mpira ukiwa sentimita 22 na akzoni kilomita 4.4, mwanya huo unakuwa kama unene wa karatasi moja. Toa karatasi kwenye daftari, ipitishe mkono kwa mkono darasani. Ziwa lote lile ni hiki.

Sasa uchague upi?

Inategemea unachoulizwa. Mtihani ukiwa kesho na mtoto hajui kuchora, mchikichi na dodo, usimwongezee kitu. Darasa likiwa limelala baada ya chakula cha mchana, mikono na rula. Swali likiwa "eleza jinsi ujumbe unavyosafiri", reli, lakini anza na simu, treni ije baadaye. Ukizichanganya mwanzoni umerudi kwenye kosa langu. Dawa, sumu, ulevi, ganzi ya uti wa mgongo, magonjwa: karibu kila swali la aina hiyo linajibiwa kwenye stesheni au gatini, na zoezi zuri ni kumwuliza mtoto, "Hii imeharibu stesheni au gati?" Mwaka jana mmoja alijibu "imebomoa pori," akimaanisha mayelini, na alikuwa sahihi.

Ukiwa na kipindi kimoja tu cha dakika 40, nenda na reli inayoishia bandarini, njia nzima, dakika 25 kwenye reli na zilizobaki ziwani, mchikichi wakauchore nyumbani. Ukiwa na vipindi viwili, cha kwanza chote kiwe nje.

Mimi Jumamosi hii nina watoto 11, saa mbili asubuhi. Nina kamba ya katani, vitambaa vya kuivisha, karatasi, na mpira wa kuazima ambao vijana wa mtaani wanautaka saa kumi bila kukosa.